Makaa ya mawe na gesi mlangoni: mwongozo wa kampeni ya wanakijiji, tangu fununu ya kwanza hadi rufaa

Tarehe 26 Juni 2019, jopo la rufaa za mazingira nchini Kenya, lile linalofahamika kwa kifupi kama NET, lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi, Lamu. Mradi wenyewe ulikuwa wa megawati 1,050 na gharama ya takriban dola bilioni 2, upande wa bara, kama kilomita 20 kutoka Mji wa Kale ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilikuwa imeshautolea leseni Septemba 2016. Serikali iliutaka, fedha za China zilikuwa njiani, na waliokwenda kukata rufaa ni kikundi cha Save Lamu pamoja na wakazi watano.

Wengi hudhani kilichouangusha ni maandamano, au kasa na mikoko. Vyote vilisaidia. Lakini ukiisoma hukumu utaona hoja iliyobeba mzigo ni ya mikutano. Jopo lilisema mikutano iliyofanyika ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira kukamilika. Baada ya ripoti kutoka, wananchi hawakupewa nafasi ya kweli ya kuisoma na kuijibu. Likaongeza kuwa tathmini isiyo na ushirikishwaji ni kitu kilichozaliwa mfu, hata ripoti yake iwe nene kiasi gani. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 nayo ilikuwa imerukwa.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia pale ambapo kampeni nyingi hazitazami, yaani kwenye daftari. Lamu ulikuwa mtambo, haukuwa mgodi, ila makaa yake yangetoka kwanza Afrika Kusini na baadaye bonde la Mui, Kitui, ambako wakulima wameishi miaka na habari za kuhamishwa. Hatua ni zilezile kwa mtambo, mgodi au kisima cha gesi. Nimeegemea sheria za Kenya kwa kuwa ndiko kuna mfano kamili; kwa Tanzania nimetia maelezo pale yanapohitajika.

Hatua ya 1: Jueni mradi uko wapi kwenye foleni

Fununu huja kwa njia tatu: gari geni la watafiti linapita shambani, mtu anaanza kununua ardhi kwa haraka isiyo ya kawaida, au mwakilishi wadi anateleza ulimi msibani. Msianze kwa kuitisha waandishi wa habari. Anzeni kwa kuuliza mradi umefika hatua gani, maana kila hatua ina mlango wake na saa yake ya kufungwa. Leseni ya utafutaji si leseni ya uchimbaji. Kupima mitetemo ya ardhi si kuchoronga. Ombi la leseni si leseni.

Kenya na Tanzania zote zina ramani ya leseni za madini mtandaoni. Kijana mwenye simu anaweza kuifungua na kutazama kama kijiji chenu kimo ndani ya mipaka ya mtu. Gazeti Rasmi la Serikali hutangaza mambo mengi ambayo hakuna anayeyasoma. Baada ya hapo andikeni barua.

Sheria ya Kenya ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Tanzania ina sheria yake ya mwaka huohuo, na muda ni siku 30. Barua isizidi ukurasa mmoja. Mfano:

"Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za vitu vifuatavyo kuhusu mradi wa (jina) ulioko (mahali): leseni au ombi la leseni, ramani inayoonyesha mipaka kwa nambari za GPS, ripoti kamili ya tathmini ya athari kwa mazingira pamoja na viambatisho vyake vyote, na mihtasari na orodha za mahudhurio za mikutano yote iliyofanywa na wananchi."

Msisahau maneno "pamoja na viambatisho vyake vyote". Yaliyo mazito hupenda kukaa kwenye viambatisho. Na hizo orodha za mahudhurio mkizipata, kaeni chini na wazee wa mitaa mzisome jina kwa jina: huyu ni nani, anaishi wapi, alikuwepo kweli siku hiyo, aliambiwa anasaini nini.

Pelekeni nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikataa kugonga muhuri, andikeni nyuma ya nakala yenu jina lake, saa na dirisha, kisha tumeni barua ileile kwa posta ya rejista au baruapepe. Siku ya 22 ikifika bila jibu, lalamikeni kwa ofisi ya Ombudsman, ile inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Na kimya chenyewe ni ushahidi, ukiwa na muhuri.

Hatua ya 2: Fungueni daftari la mikutano

Hapa nitakaa kidogo.

Chukueni daftari gumu la kurasa zenye nambari, wekeni watu wawili wa kuliandika, mmoja mwanamke mmoja mwanamume ikiwezekana, na mmoja wao awe mtu asiyependa kuongea. Wanaopenda kuongea husahau kuandika. Kila mkutano wa mradi, hata ule wa watu wanane chini ya mwembe, unaandikwa: nani aliuitisha, taarifa ilifika lini na kwa njia gani, ulifanyika wapi, saa ngapi, lugha gani ilitumika na nani alifasiri, ripoti ilikuwepo mezani au haikuwepo, maswali gani yaliulizwa, nani aliuliza, alijibiwa nini, waliohudhuria walipewa nini.

Hilo la mwisho msilionee haya. Soda, biskuti na nauli ya shilingi mia tano ni mambo ya kawaida kwenye vikao vya mwekezaji, na si dhambi kuvipokea. Tatizo ni ile karatasi inayozungushwa pamoja na soda. Juu yake pana neno "Mahudhurio", mnasaini ili nauli itoke, na baada ya miezi mnaiona imebandikwa nyuma ya ripoti kama kithibitisho kuwa jamii ilishirikishwa na kuridhia. Dawa ni ndogo. Kabla ya kusaini, piga picha ukurasa mzima, juu hadi chini. Kisha kando ya jina lako andika kwa mkono: "Nimehudhuria. Sijatoa ridhaa. Sijaona ripoti." Watu thelathini wakiandika hivyo, karatasi hiyo imegeuka kuwa yenu.

Kanuni za tathmini za Kenya za mwaka 2003 ziliweka kiwango cha chini cha ushirikishwaji, na ndicho kipimo kilichotumika kwenye mgogoro wa Lamu. Mwekezaji alitakiwa kubandika mabango karibu na eneo la mradi, kutangaza kwenye gazeti la kitaifa kwa wiki mbili mfululizo, kutangaza redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, kufanya mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na wanaoathirika, na kutoa taarifa angalau wiki moja kabla ya kila mkutano, mahali na saa zinazowafaa watu. Muulizeni wakili kama kuna marekebisho mapya, kisha geuzeni masharti hayo kuwa jedwali ukurasa wa kwanza wa daftari. Kila sharti, tarehe lilipotimizwa au nafasi tupu.

"Saa zinazowafaa watu" ni maneno mafupi yenye nguvu kubwa. Kwenye mwambao, kila mvuvi na chombo chake ana siku zake za kazi kati ya bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Mkutano ukiitwa siku ambayo madau yote yako nje, andikeni. Kwa wafugaji, andikeni kama ng'ombe walikuwa wamehamia malisho ya kiangazi. Kwa wanawake, andikeni kama mkutano ulianza saa ya kuchota maji. Hii siyo kulalamika. Kanuni inasema hivyo, na hakimu hawezi kujua ratiba ya bahari yenu msipomwandikia.

Na msikubali kuambiwa kwamba wazee wameshaongea kwa niaba yenu. Kwenye pwani ya Afrika Kusini inayoitwa Wild Coast, kampuni ya Shell ilitegemea haki ya kutafuta mafuta na gesi baharini iliyotolewa baada ya mazungumzo na machifu na wafalme wa kimila. Wavuvi na wanakijiji wakaenda mahakamani, na Septemba 2022 Mahakama Kuu ya Makhanda ikaifuta haki hiyo, ikisema kuongea na wakubwa wa kimila si kuongea na jamii. Mwaka 2014, Bentley, jimbo la New South Wales huko Australia, leseni ya kuchoronga kisima cha gesi ilisimamishwa na serikali iliyosema kampuni haikuwa imeshauriana na watu ipasavyo, wakati maelfu walikuwa wamepiga kambi langoni. Nchi tatu, na hoja ni ileile.

Kwa Tanzania, daftari lenu lishikane na mihtasari ya serikali ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Hudhurieni, hata kama ajenda ni choo cha shule, na hakikisheni muhtasari unasomwa na kusahihishwa mbele ya watu. Muhtasari uliobadilishwa ofisini kwa mtendaji ni vigumu sana kuupinga mwaka mmoja baadaye.

Hatua ya 3: Hesabuni maoni nyumba kwa nyumba

Mbinu hii tunaiazima kutoka kwa wakulima wa Australia. Huko Northern Rivers, na baadaye kupitia muungano wa Lock the Gate, majirani walipita barabara kwa barabara wakimuuliza kila mkazi swali moja: unataka barabara yetu iwe bila visima vya gesi? Majibu yalikuwa ndiyo, hapana, sijui. Barabara ikimalizika, matokeo yanatangazwa na kibao kinasimikwa.

Ubora wake ni kwamba anayeuliza ni jirani. Mtu hamwongopei jirani kirahisi, na jirani hajalipwa. Gaweni kijiji kwa mitaa au kwa nyumba kumi, kila mtaa watu wawili wa mtaa huohuo. Swali liwe moja na lisielekeze jibu. "Je, unataka mgodi wa makaa ya mawe ndani ya kijiji chetu?" linatosha, "Je, unakubali watoto wetu wapewe sumu?" ni propaganda na litawaaibisha mbele ya hakimu. Rekodini wote, wakiwemo wanaotaka mgodi. Msifiche idadi yao.

Wale wa "sijui" ndio faida ya pili ya zoezi. Wakiwa wengi mtaa fulani, hapo ndipo pa kupeleka kikao kinachofuata.

Hatua ya 4: Pimeni kabla hawajachimba

Mgodi ukishafunguliwa, kila kitu kinachoharibika kitasemwa kiliharibika zamani. Kisima kilikuwa na chumvi siku zote. Samaki walikuwa wameshapungua. Bila vipimo vya awali hamtakuwa na la kujibu.

Kwa makaa ya mawe, adui mkubwa wa maji huwa salfa. Tabaka za makaa mara nyingi zina madini ya chuma na salfa ambayo yakifukuliwa na kukutana na hewa na maji huzaa tindikali; tindikali hiyo huyeyusha metali kwenye miamba na kuzipeleka kwenye vijito, na huweza kuendelea miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Dalili yake huonekana kwa macho, utando wa rangi ya kutu kwenye mawe ya mto. Kwa gesi, angalieni methani inayopanda kwenye visima vya maji na maji ya chumvi yanayotoka na gesi. Kwa mtambo wa pwani kama ule wa Kwasasi ni maji moto yanayorudishwa baharini, na majivu ambayo huwa na zebaki, aseniki na madini ya risasi.

Mnachoweza kufanya wenyewe: nunueni kipima pH cha mkononi (huonyesha ukali wa tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi) na kipima chumvi, vile vidogo wanavyotumia wafugaji wa samaki. Chagueni visima na vijito visivyozidi kumi ambavyo mtavirudia. Pimeni kila mwezi, siku ileile, saa ileile, kiangazi na masika, na mtu yuleyule ashike kipima. Maji safi ya kawaida huwa kati ya pH 6.5 na 8.5, mkiona kisima kinashuka chini ya hapo kabla hata mgodi haujaja, andikeni pia, maana rekodi ya kweli ndiyo inayoaminika.

Mara moja au mbili kwa mwaka pelekeni sampuli maabara. Chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale yanayochukuliwa, ijazwe hadi mdomoni, ifungwe, iandikwe mahali, tarehe, saa na jina la aliyechota, iwekwe kwenye kasha la barafu na ifike siku hiyohiyo. Wekeni karatasi inayosainiwa na kila aliyeishika chupa, tangu mtoni hadi kaunta ya maabara. Wakili wa upande wa pili atauliza chupa ililala wapi.

Kwa wavuvi kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu BMU nyingi, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, tayari zina daftari la samaki wanaoshushwa. Lifanyeni la kweli: chombo, mtego au nyavu, saa za kuvua, kilo, aina. Wavuvi wa Lamu walifika Mahakama Kuu ya Malindi kuhusu bandari mpya ya Lamu, sehemu ya mradi wa uchukuzi wa LAPSSET, na mwaka 2018 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Fidia ya namna hiyo hukokotolewa kutokana na kile kinachoweza kuonyeshwa kuwa kilikuwepo.

Hatua ya 5: Someni ripoti kwa kuigawa

Ripoti ikitoka, huwa nene, ya Kiingereza, na muda wa kutoa maoni ni mfupi. Nchini Kenya ni siku 30 tangu tangazo. Mtu mmoja akipewa aisome yote ataishia ukurasa wa arobaini. Igaweni. Mwalimu wa sayansi achukue maji na hewa, muuguzi wa zahanati achukue afya, mvuvi mwenye kidato cha nne achukue sura ya bahari akiwa na mtu wa kumsaidia lugha, karani wa ushirika achukue uchumi. Kila mmoja arudi na ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Watafute haya: maji ya mradi yatatoka wapi na kiasi gani kwa siku, kifusi na majivu vitalala wapi, na mvua kubwa ikija itakuwaje, njia mbadala zimejadiliwa au zimetajwa kwa aya moja, mabadiliko ya tabianchi yamehesabiwa au hayakuhesabiwa, nani atalipia kufukia shimo siku ya kufunga. Halafu watafute makosa ya kijinga. Jina la kijiji kisichokuwepo, au orodha ya samaki wa maji baridi kwenye mradi wa baharini, huonyesha kwamba mtaalamu alinakili ripoti ya mahali pengine.

Maoni yenu yawe ya maandishi, kila hoja na nambari ya ukurasa, na kila hoja iishe kwa swali linalotaka jibu. Mkifika kwenye rufaa, jambo mliloliandika sasa lina uzito mara nyingi kuliko mlilolikumbuka baadaye.

Hatua ya 6: Hesabuni siku

Leseni ikitolewa, saa inaanza. Kwenda NET mna siku 60. Andikeni tarehe ya mwisho kwa wino mwekundu ukutani, kisha andikeni nyingine iliyo wiki mbili kabla yake, na hiyo ndiyo muifuate. Mtaambiwa na watu wenye nia njema msubiri mazungumzo na gavana. Zungumzeni naye, rufaa ikiwa imeshapokelewa.

Mfano mchungu ni wa bomba la mafuta ghafi la EACOP, lile la Uganda hadi Tanga. Mashirika manne yalifungua kesi Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki Novemba 2020. Mkataba wa jumuiya unatoa miezi miwili tu. Novemba 2023 mahakama ikaitupa kesi kwa kuchelewa, ikisema walalamikaji walipaswa kufika tangu 2017, mikataba ya kwanza ilipotiwa saini. Hoja za mazingira hazikuguswa kabisa.

Katiba ya Kenya, Ibara ya 70, inamruhusu mtu yeyote kudai haki ya mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Na kama ardhi imesajiliwa kuwa ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wa uwekezaji upitishwe na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wa jamii ulioitwa kwa ajili hiyo. Sheria hii hufaa zaidi kabla ya mgogoro: sajilini ardhi yenu leo. Ardhi ya jamii isiyosajiliwa hushikiliwa na kaunti kwa niaba yenu, na mnajua wenyewe mambo ya kaunti.

Mawakili wa bure wapo. Kenya kuna Natural Justice na Katiba Institute. Tanzania kuna LEAT na LHRC. Uganda kuna AFIEGO. Waendeeni na faili lililopangwa kwa tarehe. Mwanasheria anayepokea faili safi atawapa jibu haraka kuliko anayepokea mfuko wa karatasi.

Hatua ya 7: Ufuateni mfuko wa fedha

Mgodi hauchimbwi kwa fedha za mwenye mgodi. Kuna benki, bima, mtengenezaji wa mitambo, mnunuzi. Kwenye mradi wa Lamu, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitoa mwaka 2019, na benki ya China ya ICBC ikafuata mwaka 2020. Waandikieni wote, kwa adabu, mkiambatisha hukumu au malalamiko yaliyogongwa muhuri. Benki haiogopi kasa. Huogopa kesi isiyoisha.

Na tafuteni hoja ya mtu anayeishi mbali nanyi. Mwaka 2019 wachambuzi wa taasisi ya IEEFA walikokotoa kwamba mkataba wa kuuza umeme wa Lamu ungewalazimisha Wakenya kulipa walau dola milioni 360 kila mwaka hata kama mtambo haujazalisha umeme. Mwenye saluni Nakuru hajawahi kuiona mikoko ya Lamu, ila bili ya stima anaijua.

Hatua ya 8: Lindeni watu, kisha lindeni umoja

Vijana wanaotaka ajira si wasaliti. Wakiitwa hivyo mara moja tu, mwekezaji amepata walinzi wa bure. Waacheni wao ndio waulize: ajira ngapi za kudumu, zinataka vyeti gani, mkataba wa miaka mingapi, na wale wa ujenzi watakwenda wapi ujenzi ukiisha. Wakipewa majibu ya maandishi, yaingie kwenye daftari. Wakinyimwa, watakuwa wamejionea wenyewe.

Maandamano yafanyike kwa mpango. Kenya inataka polisi waarifiwe siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla. Ni taarifa, si ombi la ruhusa, nayo pia igongwe muhuri. Wekeni wasimamizi wenye vitambaa, na mtu wa kuwaondoa wenye mawe. Mtwara mwaka 2013 watu walikuwa na swali zito kuhusu gesi na bomba la kwenda Dar es Salaam, ila Mei vurugu zilipolipuka, watu wakafa, nyumba zikachomwa na jeshi likaingia, swali lenyewe likazama chini ya habari za moto.

Hatari ni ya kweli. Oktoba 2020, Fikile Ntshangase, mama aliyekuwa mstari wa mbele kupinga kupanuliwa kwa mgodi wa makaa ya mawe wa Somkhele, KwaZulu-Natal, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Kwa hiyo: barua zisainiwe na watu wengi au na kikundi, kamwe si na mmoja. Msemaji abadilike. Faili liwe na nakala tatu, moja nje ya kijiji na moja kwa wakili. Vitisho viandikwe siku hiyohiyo, kwa maneno yaleyale yaliyotumika, na viripotiwe polisi ili mpate nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Defenders Coalition nchini Kenya na mtandao wa THRDC Tanzania husaidia walio hatarini, hata kuwahamisha kwa muda. Wekeni namba zao kwenye simu kabla hamjazihitaji.

Fedha za kampeni zisomwe mbele ya watu kila mwezi, hata zikiwa shilingi elfu mbili. Wenye saini wawe watatu kutoka familia tofauti. Chochote kutoka kwa mwekezaji, hata jezi za timu ya mtaa, kijadiliwe kikaoni kabla ya kupokelewa.

Hatua ya 9: Mkishinda, msivunje kamati

Leseni iliyofutwa huweza kuombwa upya kwa tathmini mpya. Kampuni ya mtambo wa Lamu ilikata rufaa, na kesi ikaburuzwa hadi Oktoba 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ilipokubaliana na uamuzi wa jopo. Miaka sita hiyo, baadhi ya wazee waliokuwepo mwanzo wamefariki, vijana wamehamia Mombasa, na kumbukumbu iliyobaki ni ile iliyoandikwa.

Basi kamati ipungue, isife. Watu watatu wanatosha: mmoja wa kufungua ramani ya leseni na Gazeti Rasmi kila mwezi, mmoja wa kuendelea na vipimo vya maji, mmoja wa kutunza faili. Chukueni nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama, si ile ya kupakua mtandaoni, na tafsirini kurasa za uamuzi kwa Kiswahili zisomwe kwenye mkutano mkuu na kuingizwa kwenye muhtasari. Kama ardhi ilishatwaliwa kwa ajili ya mradi, fungueni dai la kurudishiwa mara moja, kwa sababu hukumu ya kufuta leseni hairudishi shamba. Na mtunza faili akisafiri, amkabidhi mwenzake kwa maandishi, akihesabu karatasi moja moja.